Alhamisi za Mtaa wa Kisutu

Mjukuu wangu, mtu wa Baraka, mji wetu wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, hafundishwi kuimba kwa kupokezana. Wavuvi wa ndakala wanaporudi alfajiri, sauti zao hutangulia kufika kabla mitumbwi haijaonekana. Mmoja huanzisha, wenzake humwitikia, na makasia hufuata. Wazee wa bwami, chama cha jadi cha kule milimani, upande wa Fizi yenyewe, walikuwa na nyimbo zao ambazo sisi watoto tulizisikia kwa mbali tu. Kanisani mwalimu wa kwaya alitupa mstari nasi tukaurudisha, kwa sababu vitabu vya nyimbo vilikuwa vichache na wengi wetu hatukujua kusoma. Waislamu nao, ambao tarika yao ya Kadiria iliingia kwetu kwa njia ya Ujiji, walikuwa na usiku wao wa dhikri, na mvumo wa vifua vyao ulivuka ua ukatukuta tumelala. Basi haya ninayotaka kukusimulia sikuyashangaa kwa ugeni wake. Niliyashangaa kwa sababu niliyatambua, tena niliyatambua kwa watu ambao sikutegemea kuwa na lolote la kufanana nao: Wahindu wa Dar es Salaam, wale ambao watu wa pwani waliwaita Mabaniani, katika ghorofa moja ya Mtaa wa Kisutu, mwishoni mwa miaka ya 1960.

Namna nilivyofika huko unaijua kwa vipande, acha niiunge. Mwezi Mei 1964 Uvira iliangukia mikononi mwa waasi walioitwa Wasimba, na baada ya hapo Fizi na Baraka zikawa nchi yao. Vijana niliokuwa nikicheza nao mpira ufukweni walinyunyiziwa maji ya mganga, wakaambiwa risasi za serikali zitageuka maji, wakaenda, wengi hawakurudi. Mwaka uliofuata, mwezi Aprili, Wacuba walivuka ziwa kutoka Kigoma wakashukia Kibamba, na mkubwa wao, aliyejiita Tatu, ndiye Che Guevara ambaye leo vijana mnamvaa kwenye fulana. Mimi sikumwona. Niliyemwona ni mama yangu akichimba shimo nyuma ya jiko afukie mashine yake ya kushonea, na hapo nikajua kwamba tunaondoka. Mwisho wa Septemba 1965 askari wa serikali pamoja na mamluki wa Mike Hoare waliteremka Baraka kwa mashua, mizinga ikalia siku kadhaa, nasi tulikuwa tumekwisha kujificha kusini, upande wa Kazimia, tukimsubiri mwenye mtumbwi. Alitaka faranga tusizokuwa nazo. Baba akampa baiskeli yake na debe zima la mawese. Tulivuka usiku, maji yametulia, na hadi leo naikumbuka harufu ya mtumbwi ule: mawese yaliyomwagika juu ya mbao, matapishi ya watoto, na ndakala wakavu waliolowa.

Kigoma ilijaa watu wetu. Baba alibeba magunia bandarini, mama akauza muhogo wa kuchemsha, nami nikakaa nao mpaka mjomba mmoja, fundi wa reli ya kati, aliponichukua kwenda naye Dar es Salaam. Reli ile imeifikia Kigoma tangu 1914, enzi za Wajerumani, na mwendo wake wakati ule ulikuwa wa subira: Tabora tulinunua asali kwenye chupa, Dodoma karanga, Morogoro machungwa, na kila kituo kilikuwa na harufu yake. Mjini nilitafutiwa kazi katika duka la nguo. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari 1967, na kila kibarazani watu walizungumza habari za kupe na mirija. Duka letu liliuza khanga, vitenge, merikani na drili. Doti ya khanga nzuri ilikwenda kwa shilingi kumi na mbili, yadi ya merikani shilingi moja na nusu. Kikombe cha chai hotelini kilikuwa senti kumi, na andazi senti kumi. Mimi nililipwa shilingi tisini kwa mwezi pamoja na chakula cha mchana, yaani chapati, dengu na achari ya maembe iliyonitoa machozi. Harufu ya duka lile sitaisahau: wanga wa nguo mpya, dawa ya nondo, na ubani wa kila asubuhi ambao tajiri aliuzungusha juu ya sanduku la pesa kabla ya mteja wa kwanza kuingia.

Tajiri wangu alikuwa Mlohana, watu waliotoka Gujarati, na baba yake alikuja na jahazi kutoka upande wa Porbandar akiwa kijana asiye na kitu. Mtu mkimya, mwenye mashavu mazito na jicho la kuona senti iliyodondoka chini ya kaunta. Aliniita boi, ingawa jina langu alilijua vizuri, maana kila mwisho wa mwezi aliliandika katika daftari lake lenye jalada jekundu. Kopo langu la chai lilining'inia kwenye msumari nje ya jiko. Vikombe vya nyumba sikuruhusiwa kuvigusa. Nakuambia hayo mapema kwa sababu ndivyo yalivyokuwa, na mtu akikusimulia Uhindini ya zamani akayaruka haya, hajakusimulia. Juu ya duka waliishi yeye, mkewe, watoto, na mama yake mzazi, kikongwe mwembamba mwenye sari jeupe la ujane, ambaye nyumba nzima, wapangaji, na hata wauza maua wa sokoni Kisutu walimwita Ba.

Alhamisi, baada ya duka kufungwa, kazi yangu ya mwisho ilikuwa kupandisha juu nazi, ndizi mbivu na mafungu ya asumini, kisha kukaa ngazini kulinda viatu. Viatu vilikuwa vingi, ndara za ngozi za wazee, viatu vya kamba vya makarani, makubazi ya akina mama. Ndani walikuwa wametandika mashuka meupe juu ya mikeka, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Ukutani palikuwa na picha ya Ram na Sita, Hanuman amepiga magoti mbele yao, na chini yake picha ya mzee mwenye kilemba cheupe na fimbo mkononi. Huyo ni Jalaram wa Virpur, aliyezaliwa 1799 akafa 1881, mtu wa kabila lao la Walohana, ambaye tangu ujana wake aliweka nyumba ya kuwalisha wapita njia wote bila kuwauliza dini wala ukoo, na Alhamisi ndiyo siku wanayomkumbuka. Taa ya samli iliwaka, vijiti vya udi vilifuka, na mwisho wa yote walichoma karafuu maiti, ambayo sisi tulizoea kuinusa msibani tu. Kwa hiyo mara ya kwanza nilidhani kuna mtu amekufa humo ndani.

Kisha nikasikia kinanda. Ni kile kidogo cha kukaa nacho chini, mkono mmoja unapuliza upepo nyuma na mwingine unabonyeza mbele, na sauti yake huanza kabla ya wimbo kama mtu anayesafisha koo. Baada yake ikaingia tabla, halafu matuazi madogo ya shaba, halafu sauti ya mtu mmoja. Yule mwimbishaji nilikuwa namjua kwa sura ya mchana: karani wa benki, mwembamba, miwani mizito, shati lililofuliwa likafuliwa tena hadi kola ikachoka. Alikuwa mteja wetu wa mkopo. Kila mwezi alikuja dukani kuomba aongezewe muda, na tajiri alimjibu bila kuinua uso kutoka kwenye daftari. Lakini Alhamisi karani alikaa mbele, akatoa mstari, na tajiri akaurudia. Karani akaupandisha, tajiri akaupandisha. Chumba kizima, wenye majumba na wenye madeni, walimfuata mtu yule popote alipotaka kuwapeleka, na uso wa tajiri, ambao mchana ulikuwa umefungwa kama duka siku ya Idi, ulifunguka. Nilichungulia mlangoni nikaliona hilo kwa macho yangu. Katika mambo yote niliyoyaona Dar es Salaam, pamoja na magwaride ya Saba Saba na hotuba za Mwalimu pale Jangwani, hilo ndilo lililonifundisha zaidi juu ya binadamu.

Nikueleze jinsi linavyokwenda, kwa sababu mtu wa mbali husikia kelele tu. Kwanza huja bhajani, nyimbo zenye beti, za polepole, kila mmoja akiwa na ya mtunzi anayempenda. Mwimbishaji huimba ubeti, na kiitikio ni cha wote. Baada ya nyimbo kadhaa huja dhuni, na hiyo haina beti. Ni majina ya Mungu tu, mawili au matatu, yanayorudiwa. Huanza chini sana, karibu na kunong'ona, na mtu wa tabla hugusa ngozi kwa ncha za vidole. Mwimbishaji anatupa, watu wanarudisha. Anatupa tena, wanarudisha. Hapana haraka. Polepole mwendo unaongezeka bila mtu kuamuru, makofi yanaingia, matuazi yanazidi kukata, wazee wanafumba macho, na yale majina yanaanza kukimbizana hadi huwezi kujua nani anatupa na nani anapokea. Hapo ndipo kazi yenyewe inapofanyika. Aliyeingia na deni, na mgonjwa nyumbani, na barua mbaya kutoka kwao, kwa muda ule hana nafasi ya kuvifikiria, kwa maana mdomo wake, viganja vyake na pumzi yake vyote vimechukuliwa. Kisha mwimbishaji anainua mkono, wimbo unakatika mara moja, wote wanapaza sauti kumshangilia Ram, na watu wanatazamana wakitoka jasho, wanacheka.

Miguu yangu ilikuwa ngazini lakini viganja vyangu havikukaa. Nilianza kupiga kofi gotini, nikilitia kofi katikati ya makofi yao kama tufanyavyo kwetu, na Ba, aliyekuwa akipita kwenda kuongeza samli kwenye taa, alinisikia. Akasimama. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, cha dukani na jikoni, lakini hakikuwa na shaka. Aliniambia, kaa ndani. Nikakaa karibu na mlango, juu ya ncha ya shuka jeupe. Mgeni mmoja aligeuka akanitazama kwa uso wa kukataa, akamtazama na Ba. Ba hakumjibu, akaendelea kupiga makofi. Walipomaliza, alipita akigawa prasadi, yaani chakula kilichokwisha kuombewa, siku hiyo vitafunio vyao viitwavyo bundi na gathia, na kipande cha nazi. Alipofika kwangu hakunitafutia kopo. Aliiweka kiganjani mwangu kwa mkono wake wa kulia. Tangu hapo akaniita dikra, kama alivyowaita wajukuu zake, maana yake mwanangu. Kesho yake asubuhi chai yangu ililetwa kwenye kopo lilelile la msumarini, na mwisho wa mwezi niliandikwa katika daftari lilelile jekundu. Wimbo haukuyafuta hayo. Lakini kila Alhamisi nilikuwa na mahali pangu karibu na mlango, na hakuna aliyeniondoa.

Mchana, wakati tajiri amelala kidogo, Ba alikaa akichambua dengu kwenye sinia, nami nikamsaidia kuondoa vijiwe, naye akanisimulia. Alinipa habari za Narsinh Mehta wa Junagadh, mshairi wa karne ya 15, Brahmini kwa kuzaliwa, ambaye aliitwa na watu wa tabaka la chini kabisa aende kwao kuimba, akaenda, akakesha nao, na kwa kosa hilo ndugu zake wa tabaka la juu wakamtenga. Alinipa habari za Gandhi, mzaliwa wa Porbandar kwao, aliyeupenda wimbo mmoja wa mshairi huyohuyo na kutaka uimbwe katika sala zake za jioni, watu wote pamoja. Wala hakunificha kwamba katika nchi yake mahekalu mengi yalikuwa na milango ambayo watu fulani hawakuruhusiwa kuivuka. Aliniambia kwamba ndiyo sababu watakatifu waliimba uani na barabarani.

Na siku moja alinionyesha barua kutoka kwa ndugu yake. Katika mji wa Jamnagar, alisema, kando ya ziwa la pale mjini, kuna hekalu la Hanuman ambako tangu tarehe 1 Agosti 1964 jina la Ram linaimbwa usiku na mchana bila kukatika, watu wakipokezana zamu. Mmoja hanyamazi mpaka mwingine ameanza. Nilipoisikia tarehe ile nilinyamaza. Agosti 1964, mjukuu wangu, ndiyo siku zile ambazo Wasimba waliuteka mji wa Stanleyville, tarehe 5, nasi Baraka tulikuwa tunafundishwa kulala chini tukisikia ndege. Walikuwa wameanza kuimba siku nne kabla. Na uimbaji ule wa Jamnagar unaendelea hata leo unaposoma maneno haya. Vita vyetu vimeanza na kwisha na kuanza tena, wao bado wanapokezana.

Usiku mkubwa kuliko yote ulikuwa wa kuzaliwa Krishna, ambao kwa kalenda yao huangukia Agosti au Septemba. Siku hiyo wengi walifunga. Walianza kuimba baada ya magharibi, na chumba kikajaa hadi ngazini, watoto wamelala juu ya mapaja ya mama zao, jasho, asumini na samli vimechanganyika hewani. Katikati waliweka susu ndogo ya mbao iliyopambwa kwa karatasi za dhahabu, na ndani yake kisanamu cha mtoto. Saa sita kamili usiku kengele zililia, mbiu ya gamba la bahari ikapulizwa, na watu waliokuwa wameshinda na njaa kutwa wakaimba kwa nguvu ambayo sikujua wameitoa wapi, kila mmoja akija kwa zamu kuvuta kamba ya susu. Karani wa benki sauti ilikuwa imemkauka. Alifungua mdomo, na waliotoa sauti ni wengine. Walitugawia siagi iliyochanganywa na sukari, na unga mtamu wa dania wenye nazi, na mimi nilikwenda kwa miguu hadi Ilala usiku ule, vidole vinanata.

Mchungaji wa kanisa nililosali alipopata habari aliniita. Akaniambia kwamba ile ni ibada ya sanamu na kwamba kijana wa Kikristo hana kazi pale. Nilimheshimu, sikubishana naye, na sikuacha kwenda. Kwa sanamu sikuinama hata mara moja, wala Ba hakuniambia niiname. Mimi nimebatizwa katika maji ya Tanganyika na nitazikwa Mkristo. Lakini nimekaa na watu wale wakimwita Mungu kwa majina wanayomjua, nimeona machozi ya mwanaume aliyekuwa hamlilii mtu, na dini niliyoiona hivyo siwezi kuikejeli, wala sitaki wewe uikejeli mbele yangu. Ile methali ya Baniani mbaya kiatu chake dawa naijua, na watu wanacheka wakiisema. Walioitunga walimwona Baniani dukani tu.

Mwezi Aprili 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo, yale yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na ghorofa ya tajiri ilikuwa mojawapo. Sikuwa na chuki na sheria ile. Kodi za vyumba mjini zilikuwa zinawala watu wa mshahara kama wangu, na Mwalimu hakuziweka mfukoni mwake. Lakini niliyaona yaliyofuata. Jengo ambalo baba wa tajiri alilijenga kwa miaka thelathini lilipata mwenye nyumba mwingine kwa siku moja. Mwaka uliofuata Idi Amin akawafukuza Waasia wa Uganda, na hata wale ambao walikuwa bado wanasitasita Dar wakaanza kufunga masanduku. Mtaa mzima uliuza vitu vyake kibarazani: jokofu shilingi mia mbili, kitanda cha mvule shilingi arobaini, gramafoni kwa bei uliyotaja. Alhamisi zikapungua. Kijana wa tabla alitangulia kwenda Uingereza, karani akafuata, kisha kinanda kikauzwa. Alhamisi za mwisho walibaki Ba na akina mama wachache, bila chombo chochote, wakiimba dhuni kwa makofi. Walianzisha kwa zamu, kila mama mstari wake.

Familia ile ilihamia Leicester. Siku ya kuondoka Ba alinipa jozi ya matuazi, ya shaba, yenye kamba nyekundu, akasema kwenu mnaimba, chukua. Tajiri alinipa mshahara wa miezi mitatu na kunishika mkono, akaniita kwa jina langu. Kabla ya hapo, mwaka 1971, tulikuwa tumesikia kwamba huko Nairobi amefika mzee wa Kibengali, Bhaktivedanta Swami Prabhupada, aliyeanzisha jumuiya ya Hare Krishna mjini New York mwaka 1966. Alifuata njia ya Chaitanya, mtakatifu wa Bengali wa miaka ya 1486 hadi 1534, aliyeutoa uimbaji ndani ya nyumba akaupeleka mitaani. Katika hekalu la katikati ya jiji aliwaambia wafuasi wake wafungue milango Waafrika waingie, kisha wakaenda kuimba hadharani Kamukunji, uwanja uleule uliojulikana kwa mikutano ya kudai uhuru. Wahindi wengi wa mtaani kwetu walilipokea jambo hilo kwa mashaka. Ba alipolisikia alisema amechelewa, lakini amefika.

Nilirudi Kongo, wakati ule ikiitwa Zaire, mwaka 1974. Uvira niliikuta maduka ya wageni yamegawiwa wananchi kwa ile amri ya Novemba 1973, na rafu zimebaki na vumbi na sabuni chache. Baadaye nikafika Baraka, ingawa milimani Kabila, kiongozi wa waasi, na watu wake wa chama cha PRP walikuwa wangali na maquis yao, yaani ngome yao ya msituni, na safari ya kwenda Fizi ilitaka moyo. Matuazi ya Ba niliyatia katika kwaya. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza yametoka wapi, nikamwambia ukweli, akasema yarudishwe yalikotoka. Mchungaji wetu, mtu wa busara, alifungua Zaburi ya 150 akamwonyesha matoazi yalipotajwa, na maneno yakaisha. Yalipigwa kila Jumapili hadi 1996, vita viliporudi, na huyuhuyu Kabila safari hii akiwa njiani kwenda Kinshasa. Tulivuka ziwa mara ya pili. Matuazi yalikwenda pamoja na mabati na milango ya kanisa.

Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, alizaliwa baba yako mdogo, kwa hiyo habari zake unazijua: hema za plastiki, foleni ya unga wa mahindi, udongo mwekundu usiotoka kwenye nguo. Jioni kila mtaa wa kambi ulikuwa na kwaya yake. Watu waliokuwa hawana tena shamba, mtumbwi wala kitabu cha nyimbo walikaa chini ya mti, mmoja akatoa mstari, wengine wakaurudisha, na mwendo ukapanda bila mtu kuamuru. Nilikaa pale nikamkumbuka karani wa benki na daftari jekundu, na baba wa tajiri aliyevuka bahari na jahazi bila kitu. Nikaelewa kwa nini watu wa Kisutu hawakuikosa Alhamisi hata mvua ya masika ikinyesha. Mtu aliyeacha nchi yake hubaki na kile anachoweza kukirudia kwa moyo pamoja na wenzake, na mtu mmoja peke yake hawezi kupokezana.

Tulianza kurudishwa Baraka mwishoni mwa 2005, na mjini tulikuta askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Pakistani. Niliwasalimu kwa maneno machache niliyookota Uhindini, wakafurahi sana, wakanipa chai ya maziwa yenye iliki. Ilikuwa na ladha ya mwaka 1968.

Sasa unajiandaa kwenda Dar kununua vitenge, na umeniuliza nikuagize nini. Sihitaji kitu. Ukimaliza biashara yako Kariakoo, shuka hadi Kisutu. Sehemu ya mtaa ule leo inaitwa kwa jina la Pramukh Swami, mmoja wa viongozi wa dini yao, na mahekalu bado yako pale. Nenda Alhamisi baada ya magharibi. Vua viatu, omba ruhusa kwa mlinzi, ukae nyuma, wala usitoe simu kupiga picha. Wakianza dhuni, piga makofi pamoja nao. Wakikupa prasadi, ipokee kwa mkono wa kulia na uile palepale, na ukiulizwa umetoka wapi, waambie umetoka Baraka.